Wasomi vijana wanaokimbilia soko la kaboni wajifunze kwanza kuipima

TANGU Rais William Ruto alipotia saini marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mnamo Septemba 1, 2023, siku chache tu kabla ya Kongamano la Tabianchi la Afrika kufunguliwa jijini Nairobi, neno kaboni limetoka maabarani na kuingia katika mabaraza ya machifu. Leo hii si ajabu kumsikia mzee wa Kwale au wa Taita akiuliza tani moja ya hewa hiyo huuzwa kwa bei gani. Hata hivyo, walioipokea biashara hii kwa shauku kubwa zaidi ni vijana waliohitimu vyuoni: wataalamu wa misitu, mawakili, wahasibu na wajuzi wa ramani za setilaiti ambao wengi wao wamebisha milango ya waajiri kwa miaka mingi bila kufunguliwa.

Shauku yao si ya kubezwa. Mnamo Novemba 2022, katika mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, ulizinduliwa mpango wa kustawisha masoko ya kaboni barani Afrika. Waasisi wake walitangaza kuwa wanalenga kuzalisha hati milioni 300 za kaboni kila mwaka kufikia 2030 na kuchangia ajira milioni 30. Kijana aliyesomea misitu kwa miaka minne na ambaye sasa anaendesha bodaboda akisikia tarakimu kama hizo, atakosaje kujiandikisha kwa mafunzo yoyote yatakayotangazwa?

Na mafunzo hayo ni mengi. Yapo ya siku mbili, ya wiki moja na ya miezi mitatu. Yapo ya bure na yapo ya kulipiwa. Mwandishi wa makala haya alipata kuhudhuria warsha mojawapo jijini Nairobi. Tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana tulielezwa kuhusu wanunuzi, bei, na jinsi ya kuandika pendekezo la mradi litakalomvutia mfadhili. Namna ya kuupima mti ili kujua umebeba kaboni kiasi gani iliachiwa nusu saa ya mwisho, washiriki wakiwa wameanza kufunga mikoba yao. Mkataba kati ya mwenye mradi na wanakijiji haukutajwa kabisa.

Hapo ndipo penye kasoro. Tunawafunza vijana wetu kuwa madalali wa bidhaa wasiyojua kuipima, ilhali katika biashara hii anayeshika mizani ndiye anayeamua nani apate nini. Kuuza kutakuja kwenyewe. Taaluma inayokosekana nchini, na ambayo jamii zenye misitu zinaihitaji leo kuliko jana, ni ile ya kupima, kukagua hesabu na kuusoma mkataba kwa niaba ya mwenye ardhi.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Mti unapokua hufyonza hewa ya ukaa na kuihifadhi kaboni katika shina, matawi, mizizi na hatimaye udongoni. Anayepanda msitu mpya, au anayezuia msitu uliopo usikatwe, anaweza kupewa hati moja kwa kila tani moja ya hewa ya ukaa iliyoondolewa au iliyozuiwa kuingia angani. Hati hiyo hununuliwa na kampuni au mtu anayetaka kufidia moshi wake mwenyewe.

Sasa hesabu. Mpimaji huzungusha utepe kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, akapata kipenyo. Kwa kutumia fomula iliyotayarishwa kwa aina ile ya mti, hukadiria uzito wake ukiwa mkavu. Karibu nusu ya uzito huo, kwa kawaida asilimia 47, ni kaboni. Kwa kuwa kila kilo 12 za kaboni hutoa kilo 44 za hewa ya ukaa, hesabu huzidishwa kwa 44 na kugawanywa kwa 12. Mti wenye uzito mkavu wa kilo 100 basi umebeba takriban kilo 172 za hewa ya ukaa. Inahitajika miti sita ya namna hiyo kupata tani moja.

Tuchukulie kwamba tani hiyo imeuzwa kwa dola 10, yaani kama Sh1,300. Kila mti utakuwa umeleta Sh215 hivi kwa miaka yote uliyochukua kufikia uzito huo, na hapo hatujaondoa gharama za upimaji, ukaguzi, usajili na uuzaji. Kijana akifanya hesabu hii mara moja kwa mkono wake mwenyewe, hatarudi tena kijijini kuwaahidi wazee mamilioni kwa ekari mbili za migrevilea. Nashangaa kwamba hesabu nyepesi kama hii haiwekwi saa ya kwanza ya kila warsha. Labda ingepunguza idadi ya wanaojiandikisha.

Anayetaka kuona kazi hii inavyofanywa kwa uadilifu hana haja ya kusafiri ng'ambo. Katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, wenyeji wa vijiji vya Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja, ambao ulianza mwaka 2013 na unatambuliwa kuwa wa kwanza duniani kuuza hati za kaboni kutokana na uhifadhi wa mikoko. Eneo lenyewe ni dogo, hekta 117 tu, na tani zinazouzwa ni kama 3,000 kwa mwaka. Mwaka 2017 mradi huo ulitunukiwa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Pesa zake zimewekwa katika maji ya kunywa, vitabu na madarasa, kwa maamuzi yanayofanywa na wanakijiji wenyewe katika mikutano yao.

Sifa hizo zimeandikwa sana. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba kabla ya hati ya kwanza kuuzwa, palikuwa na takriban miaka 20 ya kupima. Mikoko ya Gazi ilikuwa imekatwa ovyo tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani na boriti za kujengea. Mapema miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI), akiwemo Dkt James Kairo, walianza kupanda upya na kufuatilia ukuaji wa miche hiyo mwaka baada ya mwaka. Walijifunza kwamba mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda juu ya tope, haupimwi mita 1.3 kutoka ardhini kama mti wa bara bali juu ya mzizi wa mwisho. Walitambua kadhalika kwamba mchu, mkandaa na mlilana kila mmoja una fomula yake, na kwamba sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko haimo mtini bali imezikwa chini katika tope. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vyetu wamepitia kituo hicho cha Gazi, wakatoka na tope magotini na elimu kichwani.

Mradi wa pili, wa Vanga, Jimbo na Kiwegu karibu na mpaka wa Tanzania, ulipoanzishwa baadaye katika hekta 460, haukuanzia sifuri. Ulikuta watu wanaojua kazi. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kupima shina, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi. Kitendawili kikubwa cha biashara hii kimo katika swali lisiloweza kupimwa kwa utepe: kama mradi usingekuwepo, ni nini kingetokea?

Hati ya kuhifadhi msitu hutolewa kwa kulinganisha msitu ulivyo na ule ambao ungebaki iwapo ukataji ungeendelea. Msitu huo wa pili haupo. Umo katika makadirio. Anayekadiria kwamba hekta 100 zingefyekwa kila mwaka, wakati ambapo kwa hakika zingefyekwa 20 pekee, ataandikiwa hati za hekta 80 ambazo hazikuwa hatarini hata kidogo. Hakuna mti wa uongo hapo wala mpimaji aliyedanganya kwa utepe. Uongo umo katika jambo ambalo halikutokea, na ni vigumu kuushika.

Hilo ndilo lililozua mtafaruku mnamo Januari 2023, wakati gazeti la The Guardian la Uingereza na washirika wake walipochapisha uchunguzi uliodai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hati za kuhifadhi misitu ya mvua zilizoidhinishwa na Verra, shirika kubwa zaidi la kuweka viwango vya soko hili, hazikuwakilisha upungufu halisi wa hewa chafu. Verra ilipinga vikali mbinu za uchunguzi huo. Wanasayansi wangali wanabishana kuhusu kiwango cha kasoro, lakini soko halikungoja. Thamani ya biashara ya hati za hiari, iliyokuwa imefikia takriban dola bilioni 2 mwaka 2021, haikufika hata bilioni moja mwaka 2023.

Kuna maswali mengine ya aina hiyo ambayo mhitimu wa kozi yoyote ya maana hana budi kuyajibu. Je, wakataji makaa waliofukuzwa katika msitu huu wamehamia msitu wa jirani? Ikiwa ndivyo, faida imevuja. Je, moto ukizuka baada ya miaka 15, ile kaboni iliyokwisha kuuzwa itarudishwaje? Miradi hulazimika kuweka kando sehemu ya hati zake kama akiba kwa ajili ya majanga kama hayo. Kiasi cha akiba hiyo ni jambo la kujadiliwa, na asiyejua kwamba linajadiliwa hatajadili.

Humu nchini tumeyaona matatizo hayo kwa macho yetu. Kaskazini mwa Kenya, shirika la Northern Rangelands Trust liliasisi mradi wa kuuza kaboni iliyo katika udongo wa malisho kwenye eneo la takriban hekta milioni 1.9. Hoja yake ni kwamba mifugo ikilishwa kwa mpangilio, nyasi hustawi na udongo huhifadhi kaboni zaidi. Mnamo 2023 shirika la Survival International lilichapisha ripoti iliyohoji iwapo mabadiliko hayo ya ufugaji yalifanyika kweli na iwapo wafugaji waliridhia wakiwa na habari kamili. Waendeshaji wa mradi walikanusha lawama hizo, na Verra ikauweka mradi chini ya uchunguzi. Kisha mnamo Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo ikaamua kwamba hifadhi mbili za kijamii, Biliqo Bulesa na Cherab, ziliundwa kinyume cha sheria, bila umma kushirikishwa ipasavyo. Biliqo Bulesa ni mojawapo ya maeneo yaliyokuwa yakiuza kaboni katika mradi huo.

Tazama jinsi mambo yalivyofuatana. Ardhi ya jamii, ambayo Katiba ya 2010 katika kifungu cha 63 inaikabidhi jamii yenyewe, iliingizwa katika mradi wa miaka 30. Hati zikauzwa kwa makampuni makubwa ya kigeni. Swali la iwapo jamii ilikubali likaja kujibiwa na hakimu, miaka mingi baadaye. Laiti kungekuwa na wakili mmoja kijana wa Borana au Samburu, anayeijua Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 na anayejua pia hati ya kaboni ni nini, akaketi chini ya mti na wazee siku ya kwanza, huenda kesi hiyo isingefika mahakamani. Au huenda mradi usingetiwa saini kabisa. Majibu yote mawili yangekuwa halali.

Ndiposa Bunge lilipopitisha marekebisho ya 2023, wengi walishusha pumzi. Sheria hiyo inataka mradi wowote wa kaboni katika ardhi ya umma au ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo na jamii husika. Kwa miradi inayotegemea ardhi, misitu ikiwemo, jamii inastahili angaa asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kwa miradi isiyotegemea ardhi, kama vile ya meko, ni asilimia 25. Pameundwa sajili ya kitaifa ya kaboni, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ikapewa jukumu la kuidhinisha miradi. Kanuni za utekelezaji zilichapishwa mwaka 2024. Anayepatikana akichezea vipimo ili ajipatie hati zaidi, au akiuza hati moja kwa wanunuzi wawili, anakabiliwa na faini isiyozidi Sh500 milioni au kifungo kisichozidi miaka 10, au adhabu zote mbili.

Ni sheria kali, na ni nzuri kuliko zile za majirani wetu wengi. Lakini isome tena pale penye asilimia 40. Mapato hayo hugawanywa baada ya kuondolewa gharama za kuendesha biashara.

Maneno hayo machache yana uzito kuliko asilimia yenyewe. Tuseme mradi umeuza hati za Sh100 milioni kwa mwaka. Ikiwa gharama ni Sh20 milioni, jamii itapata asilimia 40 ya Sh80 milioni, ambayo ni Sh32 milioni. Ikiwa gharama zimeandikwa kuwa Sh85 milioni, kwa maana ya washauri kutoka ng'ambo, nauli za ndege, ada za ukaguzi, magari na ofisi ya Nairobi, jamii itapata asilimia 40 ya Sh15 milioni. Hiyo ni Sh6 milioni. Sheria haijavunjwa katika mfano wa kwanza wala wa pili. Asilimia ni ile ile. Kilichobadilika ni daftari, na kamati ya kijiji isiyo na mtu wa kulisoma daftari hilo itapokea hundi ya Sh6 milioni kwa makofi na nyimbo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya maduka ya pwani, lakini sijapata nyingine inayoifaa biashara ya kaboni kama hii. Mhasibu kijana anayejua ni gharama gani za mradi wa misitu ni za halali na zipi zimetiwa chumvi atawaletea watu wa kijiji chake pesa nyingi kuliko wanunuzi kumi wapya.

Vivyo hivyo, aliyehitimu misitu katika Chuo Kikuu cha Eldoret au Karatina, au aliyepitia Chuo cha Misitu cha Londiani, ana msingi tayari. Anajua kupima mti, anajua majina ya miti kwa Kilatini na kwa lugha ya mama yake. Hata hivyo, mgawanyo wa kazi katika miradi mingi ni huu: vijana wa kwetu huajiriwa kama vibarua wa kushika utepe kwa malipo ya siku, fomula huchaguliwa na mshauri aliye mbali, na cheti cha ukaguzi hutiwa muhuri na kampuni ya Ulaya, Marekani au Asia. Ada kubwa hulipwa kwenye ngazi mbili za juu. Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu ajira milioni kadhaa, tuulize ni ajira za ngazi gani. Ajira ya kushika utepe kwa siku nane kila baada ya miaka mitano si ya kumlisha mtu.

Wapo watakaosema kwamba ukaguzi wa hati za kimataifa ni wa viwango vya juu mno kwa wahitimu wetu. Historia haiwaungi mkono. Mnamo 2004 mpango wa TIST, uliokuwa umeanza Tanzania mwaka 1999, uliingia Kenya na kuwasajili wakulima wadogo katika maeneo ya Mlima Kenya, wakiwemo wa Meru. Kazi ya kuhesabu miti, shamba kwa shamba, ilifanywa na vijana wa papo hapo waliofunzwa kutumia vifaa vidogo vya mkononi vyenye kunasa majira ya mahali kutoka kwa setilaiti, wakati ambapo wengi wetu hatukuwa hata na simu ya mkononi. Wakulima walilipwa senti mbili za dola kwa mti ulio hai kwa mwaka, wakaahidiwa asilimia 70 ya faida hati zikiuzwa. Si pesa za kumtajirisha mtu, na wapo wakulima waliokata tamaa. Mfumo wa kuhesabu, lakini, ulisimama, na walioujenga kwa miguu yao ni vijana wa vijijini.

Mpango huo ulifanya jambo jingine linalostahili kuigwa. Jarida lake, Mazingira Bora, lilitolewa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji. Linganisha na hali ya kawaida: stakabadhi za mradi wa kaboni huwa kurasa mamia kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho hata hakimu angehitaji kamusi. Hupakiwa kwenye mtandao wa msajili, wazi kwa dunia nzima kusoma, isipokuwa kwa yule ambaye ardhi yake imetajwa katika ukurasa wa kwanza. Kijana anayeweza kuketi na stakabadhi hiyo na kuieleza barazani kwa Kidigo, Kitaita au Kisamburu, kwamba mradi ni wa miaka mingapi, ni lini jamii inaweza kujitoa, ni nani atalipa msitu ukiungua, na kama watakatazwa kulisha mbuzi au kukata fito, huyo ndiye mtaalamu ambaye kaunti zinapaswa kumwajiri. Sheria imezikabidhi serikali za kaunti jukumu katika mikataba hii. Kaunti nyingi zina afisa wa mazingira. Ni chache zilizo na mtu wa kuyafanya hayo yote.

Sipuuzi hoja ya wanaharakati wanaosema kwamba biashara hii ni njia ya matajiri kununua ruhusa ya kuendelea kuchafua, na kwamba kijana mwenye dhamiri angekaa mbali nayo. Ina ukweli ndani yake. Kampuni inayonunua hati za bei poa ili isipunguze moshi wake haimsaidii mkulima wa Bungoma ambaye mvua imemkimbia. Hata hivyo, kukaa mbali hakutaizuia mikataba kutiwa saini. Itatiwa, na upande mmoja wa meza utakuwa na wanasheria sita.

Kuna jambo jipya pia la kitaifa ambalo wanafunzi hawaelezwi. Baada ya kanuni za kifungu cha sita cha Mkataba wa Paris kukamilishwa katika mkutano wa Baku mnamo Novemba 2024, nchi moja inaweza kuinunulia nyingine upungufu wa hewa chafu na kujihesabia. Kenya ikiidhinisha tani ya msitu wake iuzwe kwa namna hiyo, haiwezi tena kuihesabu katika ahadi yake yenyewe ya kupunguza hewa chafu, ambayo kwa mujibu wa tamko la mwaka 2020 ni asilimia 32 kufikia 2030. Msitu ni njia mojawapo ya bei nafuu ya kutimiza ahadi hiyo. Tukiuza tani zote za bei nafuu kwa wengine, tutabaki na zile za bei ghali, za viwanda na magari. Mtu anayeketi katika afisi ya NEMA akiidhinisha maombi haya anahitaji kuijua hesabu hiyo kama anavyojua jina lake, na aliye na miaka 25 leo ndiye atakayekuwa katika afisi hiyo.

Inafaa vyuo vyetu vibadilishe mtindo. Badala ya kuachia hoteli za Nairobi kazi ya kufunza, vyuo vya misitu, KMFRI na Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) kule Muguga vingeweza kushirikiana na vitivo vya sheria na uhasibu kuandaa mafunzo ya vitendo: wiki mbili porini na utepe, wiki mbili kwenye vitabu vya hesabu vya mradi halisi, wiki moja katika baraza la kijiji. Vyama vya kijamii vya misitu, ambavyo vimekuwepo tangu Sheria ya Misitu ya 2005, vinaweza kuwapokea wanagenzi hao. Gharama yake si kubwa, na baadhi yake ingeweza kutozwa kwa wanaotaka kusajili miradi.

Muda wa kwanza wa miaka 20 wa mradi wa Mikoko Pamoja unafikia ukingoni mwaka 2033. Wakati huo watu wa Gazi na Makongeni watalazimika kuamua iwapo wataendelea, kwa bei gani, kwa masharti gani, na kwa kutumia vipimo vya nani. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mradi ulipoanza sasa anaingia chuoni au amekwisha kuhitimu. Kozi atakayoichagua ina uhusiano wa moja kwa moja na upande wa meza atakaoketi siku hiyo.